Pumu ya ngozi kwa watoto: huisha lini, na hubaki kwa nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi wa Tanga

Maswali yafuatayo ndiyo ambayo wazazi, bibi na walezi wa Tanga mjini, Muheza na Pangani huuliza zaidi kuhusu watoto wenye pumu ya ngozi, ugonjwa ambao wengine huuita ukurutu na ambao kwenye kadi ya mtoto huenda ukaandikwa ekzema. Karibu yote huzunguka jambo moja, nalo ni kama mtoto ataachana na ugonjwa huu akikua. Majibu haya hayachukui nafasi ya mtaalamu anayemwona mtoto kwa macho yake.

Bibi yake anasema ataacha mwenyewe akikua. Je, ni kweli?

Kwa watoto walio wengi bibi amesema kweli, ila kauli yake haijakamilika. Ugonjwa huu huanza mapema: zaidi ya nusu ya wagonjwa huanza kuwashwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na wengi wa waliobaki huanza kabla ya miaka 5. Miongoni mwa walioanza wakiwa wachanga, wengi hupata nafuu kubwa kabla au baada ya kuanza shule. Mara nyingi nafuu huja kwa hatua: kwanza vipele hupungua ukali, kisha sehemu zinazoathirika huwa chache, halafu vipindi vya utulivu huwa virefu kuliko vipindi vya kuwashwa. Ukavu wa ngozi huendelea kuwapo hata pale muwasho unapokuwa umesahaulika.

Kinachonitia wasiwasi katika kauli ya bibi ni ile sehemu isiyotamkwa, kwamba kwa kuwa ataacha mwenyewe, basi hakuna haja ya kumtibu. Mtoto anayejikuna usiku kucha halali vizuri, mama yake halali, na asubuhi anakwenda shule akiwa amechoka na hawezi kusikiliza kinachofundishwa. Ngozi inayokunwa kila siku huwa nene, huwa nyeusi, hupasuka, na kupitia mipasuko hiyo bakteria huingia. Kwamba ugonjwa unaweza kutulia baada ya miaka kadhaa si sababu ya kumwacha mtoto ateseke katika miaka hiyo.

Utafiti unasemaje, na kwa nini majibu yanapingana?

Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 45 kutoka nchi 15, zenye washiriki zaidi ya 110,000. Ulionyesha kwamba kati ya waliougua utotoni, takriban asilimia 80 hawakuwa tena na ugonjwa ilipotimia miaka 8 tangu walipogunduliwa kuwa nao, na waliokuwa nao bado baada ya miaka 20 hawakufika asilimia 5. Kabla ya hapo, nchini Ujerumani, kundi la watoto waliozaliwa mwaka 1990 lilifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 7. Kati ya wale walioanza kuugua katika miaka 2 ya kwanza, takriban asilimia 43 walikuwa wametulia kabisa walipofikisha miaka 3, asilimia 38 ugonjwa wao ulikuwa ukija na kuondoka, na karibu asilimia 19 waliugua kila mwaka.

Hizo ni habari za kufariji. Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia watoto zaidi ya 7,000, ulitoa picha nyingine kabisa. Katika kila umri uliochunguzwa, zaidi ya asilimia 80 ya washiriki walikuwa na dalili au walikuwa bado wanatumia dawa, na ilikuwa ni hadi umri wa miaka 20 ndipo nusu yao walipokuwa wamewahi kupata angalau miezi 6 mfululizo bila dalili wala dawa.

Tofauti hii inatokana na mambo mawili ambayo mzazi anapaswa kuyaelewa. La kwanza ni aina ya watoto waliochunguzwa. Watoto wa utafiti wa Marekani walikuwa tayari wameandikiwa dawa maalumu ya ngozi, kwa hiyo walikuwa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umekwisha kuwasumbua kiasi cha kupelekwa hospitali, ilhali tafiti zinazofuatilia watoto wote wa eneo fulani tangu kuzaliwa huwajumuisha pia wale waliopata vipele vichache vya miezi michache tu. La pili ni namna swali lilivyoulizwa. Ugonjwa huu huja na kuondoka. Ukimtembelea mtoto mara moja kwa mwaka na kumkuta ametulia, utaandika kwamba amepona, lakini ukimuuliza mama yake kila baada ya miezi 6, utasikia kwamba juma lililopita alikuwa akijikuna nyuma ya magoti.

Kwa maoni yangu, tafiti zote hizi zinasema kweli, na zikisomwa pamoja zinatufundisha kwamba pumu ya ngozi hutulia mara nyingi zaidi kuliko inavyokwisha. Mtoto mwenye ugonjwa mwepesi ana matumaini makubwa ya kuachana nao kabisa. Mtoto mwenye ugonjwa mkali ana matumaini makubwa ya kupata nafuu, lakini wazazi wake wajiandae kuitunza ngozi hiyo kwa miaka mingi.

Ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba ugonjwa wa mtoto fulani utaendelea?

Dalili yenye uzito zaidi ni ukali wa ugonjwa wenyewe, yaani ukubwa wa eneo lililoathirika na kiasi muwasho unavyomkatizia mtoto usingizi. Nyingine ni umri ulipoanza: walioanza kabla ya miaka 2 huachana nao zaidi kuliko walioanza wakiwa wakubwa, jambo linalowashangaza wazazi wengi wanaodhani kwamba kuanza mapema ndiyo dalili mbaya. Muda ambao ugonjwa umekwisha kudumu nao una maana, kwa kuwa mtoto aliyeugua miaka 10 mfululizo ana uwezekano mkubwa wa kuendelea kuliko aliyeugua miaka 2. Watoto ambao pia wana pumu ya kifua au mafua ya mzio, na wale ambao mama au baba yao ana maradhi hayo, huchelewa kidogo kupona.

Upo pia urithi. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, huko Uskoti, walionyesha kwamba hitilafu katika kinasaba cha filagrini, protini inayosaidia tabaka la juu la ngozi kuhifadhi maji na kuzuia vitu vya nje visipenye, huongeza sana hatari ya kupata ugonjwa huu. Wenye hitilafu hiyo huwa na ngozi kavu sana, mistari mingi viganjani, na ugonjwa unaoelekea kudumu. Hitilafu hizo zimeonekana kwa wingi kwa watu wa Ulaya na kwa uchache kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa hiyo si sahihi kuchukua maelezo ya huko na kuyabandika juu ya kila mtoto wa hapa.

Dalili hizi zote huonyesha uwezekano tu. Nisingependa mzazi azisome akatoka na hukumu juu ya mwanawe.

Kwa nini ulianza mashavuni na sasa uko kwenye mikunjo ya mikono na magoti?

Hiyo ndiyo kawaida yake, wala si dalili kwamba unasambaa. Kwa mtoto mchanga huonekana zaidi mashavuni, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu, na mara nyingi sehemu inayofunikwa na nepi husalimika. Baada ya miaka 2 huhamia ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, vifundoni mwa mikono karibu na viganja, vifundoni mwa miguu na shingoni. Kwa kijana na mtu mzima hukaa zaidi mikononi, kwenye kope, usoni na shingoni. Kwa watoto weusi mara nyingi huja kama vipele vidogo vidogo vingi vinavyofuata vinyweleo, na huweza kushika upande wa nje wa viungo, hivyo asitupwe nje ya hesabu mtoto ambaye mikunjo yake ni safi.

Vipele vimeisha lakini mabaka yamebaki. Je, bado anaumwa?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu ndilo linalowafanya wazazi wengi waharibu ngozi iliyokuwa imekwisha kupona.

Katika ngozi nyeusi wekundu unaoelezwa kwenye vitabu vingi hauonekani kirahisi. Ngozi inayowaka huonekana ya kahawia iliyokolea, ya zambarau au ya kijivu, na wakati mwingine mkono hutambua kabla ya jicho, kwa kuhisi joto, ukakasi na unene. Kwa sababu hiyo watoto wetu huchelewa kutibiwa, na ukali wa ugonjwa wao hukadiriwa chini ya ulivyo.

Uvimbe wa ngozi unapokwisha huacha rangi nyuma yake: mabaka meusi mahali palipokunwa sana, au mabaka meupe mahali ambapo ngozi ilipoteza rangi kwa muda. Rangi hiyo si ugonjwa. Hupungua yenyewe kwa miezi, na pengine kwa mwaka na zaidi, maadamu mahali hapo hapakunwi tena. Njia ya kutofautisha ni kuuliza mambo mawili: je, mtoto anawashwa hapo, na je, ngozi imekwaruza au imekuwa nene? Kama haimwashi na ni laini, ugonjwa umetulia na kinachosubiriwa ni rangi kurejea. Kama bado inamwasha, tiba haijakamilika.

Mabaka meupe mashavuni mwa watoto wa shule hudhaniwa mara kwa mara kuwa ni fangasi, na mtoto hupakwa dawa ya mba kwa miezi bila mafanikio. Mara nyingi ni aina nyepesi ya pumu ya ngozi ambayo huonekana zaidi baada ya jua kali, na inayohitaji mafuta tu na subira.

Kinachoumiza zaidi ni pale mabaka meusi yanapopakwa mkorogo au krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, nyingine zina haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, au steroidi kali, yaani dawa za kuzima uvimbe wa ngozi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba na hunyonya zaidi, na madhara yake yanaweza kufika ndani ya mwili. Mtoto asipakwe kitu chochote cha namna hiyo, hata kama harusi ni Jumamosi ijayo na mama angependa aonekane msafi.

Ngozi ikitibiwa, ugonjwa hauhamii kifuani?

Hapana. Imani hii ina chanzo kinachoeleweka, kwani ni kweli kwamba watoto wenye pumu ya ngozi, hasa iliyo kali, hupata pumu ya kifua na mafua ya mzio zaidi kuliko watoto wengine, na kwa kawaida ngozi hutangulia, kifua kikafuata. Anayeona ngozi imepona na kifua kimeanza kubana husema kwamba dawa imesukuma ugonjwa ndani. Hali halisi ni kwamba yote mawili yanatoka kwenye mwelekeo mmoja wa mwili wa kuzaliwa nao. Ngozi iliyopasuka huruhusu vumbi, chembe za vyakula na vitu vingine kupenya na kuufundisha mwili kuvichukia, kwa hiyo kuiacha ngozi bila matibabu hakumlindi mtoto hata kidogo. Mtoto anayekohoa usiku au anayetoa mlio kifuani apimwe mapema.

Nimwachishe vyakula gani?

Kwa watoto wengi, hakuna. Nimewaona akina mama waliowanyima watoto mayai, maziwa, samaki na karanga kwa pamoja, na katika mji wa pwani ambako samaki ndiye kitoweo cha kila siku, mtoto huyo hubaki na ugali na maji ya mboga. Ngozi haikupona, na uzito ulishuka. Isitoshe, kumwondolea mtoto mwenye pumu ya ngozi chakula alichokuwa akikila bila shida kunaweza kusababisha mwili wake ukikatae vibaya kitakaporudishwa.

Aleji ya chakula ipo kweli, na hutokea zaidi kwa wachanga wenye ugonjwa mkali. Huonekana upesi: ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula, midomo au kope huvimba, mwili hutoka vipele vilivyovimba, mtoto hutapika au hushindwa kupumua. Huyo apelekwe hospitali mara moja, na chakula hicho kisirudiwe hadi daktari aseme.

Kuhusu karanga, utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015, wa wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai, ulionyesha kwamba waliopewa karanga mapema na mara kwa mara walipata aleji ya karanga kwa kiwango cha chini sana walipofika miaka 5, kuliko walionyimwa. Hapa kwetu karanga zilizosagwa na kutiwa kwenye uji ni jambo la kawaida, na ni desturi njema baada ya mtoto kuanza kula. Mwenye ugonjwa mkali aanze kwa ushauri wa daktari, na karanga nzima asipewe mtoto mdogo yeyote, maana humpalia.

Mama anayenyonyesha hana haja ya kujinyima.

Krimu za steroidi si hatari?

Zikitumiwa ipasavyo ndizo zinazozima ngozi inayowaka kwa haraka na kwa usalama. Hatari iko kwenye nguvu isiyofaa, mahali pasipofaa na muda uliopitiliza. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni nyepesi na hutumika hata usoni kwa siku chache. Betamethazoni ina nguvu zaidi na huandikwa kwa mwili kwa muda maalumu. Klobetasoli ni kali sana, na mtoto asipakwe bila daktari kuandika. Wazazi wajihadhari hasa na krimu za mchanganyiko zinazouzwa kama dawa ya fangasi, bakteria na muwasho kwa pamoja, kwa kuwa nyingi zina steroidi kali ndani yake, na zikipakwa kwa miezi ngozi huwa nyembamba na kupata michirizi ambayo haifutiki.

Kosa la upande wa pili ni kupaka kidogo mno kwa hofu, kisha kusema dawa haifanyi kazi. Kipimo ni hiki: dawa inayokamuliwa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia nchani hadi mkunjo wa kwanza, inatosha eneo linalolingana na viganja viwili vya mtu mzima huyo. Watoto ambao ugonjwa hurudi pale pale kila mara husaidiwa na kupakwa dawa siku 2 kwa juma kwenye sehemu hizo hata zikiwa zimetulia, kwa maelekezo ya daktari.

Hakuna krimu iliyothibitika kuufuta ugonjwa moja kwa moja. Hata dawa mpya za sindano kama dupilumabu, ambayo Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima mwaka 2017 na kwa watoto kuanzia miezi 6 mwaka 2022, huudhibiti bila kuung'oa, na bei yake iko mbali na mfuko wa familia za kawaida. Habari njema ni kwamba watoto walio wengi hawazihitaji.

Nimpake mafuta gani?

Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanafaa, ni ya bei nafuu na yanapatikana katika kila duka. Mafuta ya nazi safi, yaliyokamuliwa nyumbani bila kutiwa asumini, iliki wala manukato, nayo hufaa watoto wengi. Mafuta ya zeituni, ambayo katika nyumba zetu yana heshima yake, ni bora yabaki kwenye chakula, kwa kuwa yameonekana kudhoofisha kinga ya ngozi kavu. Liwa nayo ikikaukia mwilini huongeza ukavu.

Mafuta yapakwe angalau mara 2 kwa siku, na zaidi ya yote mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu. Kuoga kusizidi dakika 10, maji yasiwe ya moto, na sabuni ya mche iachwe kwa nguo. Anayetumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo katika mitaa kadhaa ya karibu na bahari, na hana mengine, aoge kwa muda mfupi zaidi na mafuta yasicheleweshwe. Mtoto mwenye ugonjwa ulioenea huweza kuhitaji gramu 250 za mafuta kwa juma, kiasi ambacho huwashtua wazazi waliozoea kopo dogo la mwezi mzima.

Je, tukihamia Lushoto, au tukimpeleka kuoga baharini, atapona?

Majira hubadilisha ugonjwa huu bila kuuondoa. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, joto na jasho huwasha shingo na mikunjo, na harara huchanganyika na pumu ya ngozi hata ikawa vigumu kuzitenganisha. Huko Lushoto jasho hupungua, lakini baridi kavu ya Juni na Julai hukausha ngozi, na sweta la sufu linalogusa shingo huwasha. Mtoto aliyetulia Tanga anaweza kusumbuka milimani, na mwingine akapata nafuu huko huko. Wazazi wanaofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge au kwenye saruji wabadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto, kwani vumbi hilo humkera.

Kuoga baharini Raskazone hakukatazwi. Maji ya chumvi huchoma palipochubuka, kwa hiyo mtoto asubiri vidonda vifunge, na akitoka asuuzwe kwa maji baridi na kupakwa mafuta papo hapo.

Udi, hina na piko?

Moshi wa udi na ubani usifukizwe chumba anacholala, hasa kama ana kifua. Hina asilia huvumiliwa na wengi. Piko asipakwe kabisa, hata siku ya Idi, kwa sababu kemikali yake ya kutia weusi huweza kuleta aleji kali yenye malengelenge, na aleji hiyo hubaki naye maisha yake yote.

Unaambukiza? Na chanjo je?

Hauambukizi. Anaweza kulala na ndugu zake, kucheza na kushirikiana nao taulo. Kama watu kadhaa nyumbani wanawashwa usiku, hasa katikati ya vidole, huo huenda ni upele, ambao huambukiza na tiba yake ni nyingine. Chanjo zote za kliniki apewe kwa wakati wake.

Amekaa mwaka mzima bila dalili. Naweza kuacha kila kitu?

Dawa ndiyo, mafuta hapana. Mwaka mzima bila dalili wala dawa ni ishara njema sana, hasa kwa mtoto aliyeanza akiwa mchanga na ambaye ugonjwa wake haukuwa mkali. Ngozi yake, hata hivyo, inaweza kubaki rahisi kukauka na kukereka kuliko ya wenzake, na mara nyingi inaporudi kuwasha huwa ni baada ya jambo linalotambulika: sabuni mpya, homa, majira kubadilika, au mitihani. Mzazi asihesabu kurudi huko kama kushindwa. Aanze tena matibabu siku ile ile, kwa sababu muwasho uliokamatwa mapema huzimwa kwa siku chache.

Binti yangu ana miaka 14, alikuwa ameacha, na sasa umerudi mikononi na kwenye kope. Kwa nini?

Umri wa kubalehe ni mmojawapo wa nyakati ambazo ugonjwa uliolala huamka, na uchambuzi wa 2016 uliona kwamba kwa wanawake unaelekea kudumu zaidi kidogo. Katika umri huu vitu vipya huingia: rangi ya kucha, vipodozi, dawa za nywele, kufua nguo za nyumba nzima. Kwenye kope isipakwe steroidi kali. Aonwe na daktari.

Mzungumzieni pia kazi atakayochagua, nanyi mfanye hivyo mapema na kwa upole. Aliyekuwa na pumu ya ngozi utotoni, hata akiwa amepona, hupata ugonjwa wa ngozi ya mikono kwa urahisi katika kazi zinazolowesha mikono au kuigusisha kemikali kila siku, kama vile saluni, usafi, kuparua samaki, ufundi magari, uashi na hata uuguzi. Hakatazwi kazi hizo, bali ajifunze tangu mwanzo kuvaa glavu, kupaka mafuta kila anaponawa, na kutosubiri mpaka vidole vipasuke.

Nina mimba nyingine. Naweza kumkinga huyu ajaye?

Mwaka 2020 zilichapishwa tafiti mbili kubwa, moja ya Uingereza na nyingine ya nchi za Skandinavia, zilizojaribu kuwapaka wachanga vilainisha ngozi tangu wiki za mwanzo ili kuzuia ugonjwa usianze, na hazikufanikiwa. Mafuta yanamfaa aliyekwisha kuugua, lakini hayajaonekana kumkinga asiyeugua. Mnyonyeshe kwa faida zake nyingine zote, asivutiwe sigara ndani ya nyumba, na ngozi yake ikianza kukwaruza mtibu mapema.

Nimpeleke hospitali lini, na wapi?

Usisubiri hata usiku mmoja iwapo vitatokea ghafla vipele vingi vyenye maji au vidonda vidogo vya mviringo vinavyouma, vinavyofanana kwa ukubwa, pamoja na homa. Hayo huweza kuwa maambukizi ya virusi vya hepesi juu ya ngozi iliyo wazi, nayo huhatarisha maisha na macho. Usaha, magamba ya rangi ya asali, uvimbe wenye joto au mtoto kulegea navyo ni vya kupelekwa siku hiyo hiyo.

Kwa hali ya kawaida, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na urudi baada ya wiki 2 ukiwa na dawa zote ulizompaka, zikiwamo za dukani na za mitishamba, bila kuficha hata moja. Omba rufaa kwenda Hospitali ya Bombo ikiwa halali usiku, ikiwa dawa zilizotumiwa vizuri hazijaleta nafuu, ikiwa anakonda, au ikiwa hakuna aliye na uhakika kwamba huu ni ugonjwa gani. Wenye hali ngumu zaidi hupelekwa Muhimbili au Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kabla ya safari hiyo mpige mtoto picha siku ambayo ngozi imewaka, katika mwanga wa mchana, kwa kuwa siku ya miadi inaweza kumkuta ametulia na daktari akakosa cha kuona.